Mpangaji na Mtaa Wake: Mwongozo wa Ushiriki kwa Wakazi wa Nyumba za Kupanga Mijini

Katika miji ya Tanzania Bara, na hasa Dar es Salaam ambako sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 5,383,728, wakazi wengi wanaishi katika nyumba zisizo zao, na wengi kati yao huamini kwamba mambo ya mtaa ni ya wenye nyumba, na kwamba mpangaji, ambaye mkataba wake unaweza kumalizika baada ya miezi sita, hana la kusema kuhusu mtaro, taka, ulinzi wala fedha zinazochangwa. Imani hiyo haina msingi wowote katika sheria. Sheria za serikali za mitaa zinamtambua mkazi, yaani mtu anayeishi mahali kwa kawaida, na hazimuulizi kama paa lililo juu ya kichwa chake ni lake au ni la mwingine. Mwongozo huu unamlenga mpangaji wa namna hiyo, awe katika chumba kimoja Manzese au katika gorofa Upanga, na unahusu Tanzania Bara peke yake, kwa kuwa Zanzibar ina mfumo wa shehia unaoongozwa na sheha, ambaye huteuliwa.

Mtaa, kwa maana ya kiutawala, ni ngazi ya chini kabisa ya serikali za mitaa mijini: mitaa kadhaa hufanya kata, ambayo ina diwani wake, na kata hufanya halmashauri ya mji, manispaa au jiji. Serikali za mitaa zilivunjwa mwaka 1972, zikarudishwa kwa sheria za mwaka 1982 na kuanza kazi tena mwaka 1984, na leo ibara za 145 na 146 za Katiba zinasema kwamba vyombo hivyo vipo kwa ajili ya kupeleka madaraka kwa wananchi. Mtaa una mwenyekiti na kamati, ambao huchaguliwa na wakazi, na una mtendaji, ambaye ni mtumishi aliyeajiriwa na halmashauri. Jambo moja linafaa kueleweka mapema kwa sababu huzaa malalamiko mengi yasiyo na anwani: tofauti na kijiji, ambacho halmashauri yake inaweza kutunga sheria ndogo, mtaa hautungi sheria ndogo na hauna bajeti kubwa ya kwake, hivyo mengi yanayodaiwa kwa mwenyekiti kwa kweli yanapaswa kudaiwa kwa halmashauri kupitia diwani. Mkazi anayelijua hilo hamalizi hasira zake ofisi ya mtaa, bali huitumia ofisi hiyo kama mlango wa kufikia ngazi za juu.

Wapangaji wengi pia hawatofautishi mjumbe na balozi. Mfumo wa nyumba kumi ulianzishwa na TANU katika miaka ya 1960, na katika enzi ya chama kimoja balozi wa nyumba kumi alikuwa kiungo kati ya kaya na dola. Tangu mfumo wa vyama vingi urudishwe mwaka 1992, balozi amebaki kuwa kiongozi wa chama cha siasa, wakati mjumbe wa kamati ya mtaa ni kiongozi wa wakazi wote bila kujali kadi wanazobeba. Kwa mazoea, watu bado hupeleka shida zao kwa balozi, ambaye mara nyingi ni mtu mzima anayeheshimika na anayezijua nyumba zote za jirani, na hakuna ubaya katika kumwomba ushauri. Shida inayohitaji muhuri, kumbukumbu au uamuzi, hata hivyo, ipelekwe ofisi ya serikali ya mtaa.

Hatua ya kwanza ya kushiriki ni kutambulika. Mpangaji hufika mtaani kwa mkono wa dalali, hulipa kodi ya miezi kadhaa kwa mkupuo, huingiza vitu vyake usiku, na huenda ikapita miaka kabla ofisi ya mtaa haijajua kwamba yupo. Siku anapohitaji barua ya utambulisho kwa ajili ya kufungua akaunti benki, kuomba kitambulisho cha taifa au kumdhamini ndugu yake polisi, ndipo anapoanza kumtafuta mwenyekiti asiyemfahamu. Afanye kinyume chake. Katika wiki za mwanzo aende ofisini pamoja na mwenye nyumba, au akiwa na nakala ya mkataba wake wa pango, aombe jina lake na idadi ya watu wa kaya yake viandikwe katika daftari la wakazi, achukue namba ya simu ya mtendaji na ya mjumbe wa eneo lake, na asome matangazo yaliyobandikwa ukutani. Ziara hiyo haihitaji hoja yoyote. Mtu aliyefika wakati hana shida husikilizwa kwa namna nyingine siku atakayofika na shida, na hilo ni kweli katika ofisi nyingi zaidi ya hii.

Ushiriki wenyewe huanzia ndani ya ua. Nyumba ya Kiswahili, yaani ile yenye ukumbi katikati, vyumba pande mbili, na choo, bafu na jiko uani, ni jumuiya ndogo yenye bajeti yake: kuna mita moja ya LUKU, ambayo ni mita ya umeme wa kulipia kabla ya matumizi, kuna bili ya maji, kuna zamu za kufagia na kusafisha choo, na kuna gari la kunyonya majitaka ambalo halisubiri mwisho wa mwezi. Ugomvi mkubwa wa nyumba hizi mara nyingi hutokana na umeme, kwa kuwa mwenye taa moja na redio hulipa sawa na mwenye friji, pasi na jiko la umeme. Utaratibu unaodumu ni wa kuhesabu vifaa badala ya vichwa: wapangaji wakae pamoja, waorodheshe kilichomo katika kila chumba, wakubaliane uzito wa kila kifaa katika mchango, kisha waandike makubaliano hayo katika daftari moja linaloshikwa na mtu asiye mwenye nyumba, pamoja na tarehe ya kila manunuzi na namba za tokeni. Nyumba ambayo imeweza kulisimamia daftari la LUKU kwa mwaka mzima bila kelele tayari ina watu wanaoweza kulisimamia daftari la mtaa.

Nje ya ua, mahali ambapo mgeni hujulikana haraka ni msibani. Turubai linapofungwa na viti vya kukodi vikashushwa, mtaa huona nani amefika, nani ametoa rambirambi na kuandikwa, nani amekesha, nani amekwenda makaburini, na akina mama wa mtaa hukumbuka kwa muda mrefu nani alishika mwiko jikoni. Yapo maoni kwamba huu ni ujirani tu na hauhusiani na utawala, lakini maoni hayo yanapuuza ukweli kwamba kamati nyingi za mtaa hujazwa na watu walioaminiwa kwanza katika kushika fedha za msiba. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na jembe la mjini ni hili. Mpangaji ambaye kazi yake humrudisha nyumbani usiku anaweza kutuma mchango wake kwa simu kwa mweka hazina wa msiba na kufika jioni ya siku inayofuata; kinachotafutwa ni kuonekana kwa dhati, wala si wingi wa saa.

Chombo kikubwa zaidi ni mkutano mkuu wa mtaa, ambao ni mkusanyiko wa wakazi wote wenye umri wa miaka 18 na kuendelea, na ambao mwenyekiti wa mtaa huuongoza huku mtendaji akiwa katibu. Humo husomwa muhtasari wa mkutano uliopita na taarifa ya mapato na matumizi, hupokelewa taarifa za ulinzi na usafi, na huibuliwa miradi, mara nyingi kwa mbinu inayojulikana kama Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo, ambayo huwataka wakazi wenyewe wataje walichonacho na kinachowakwamisha kabla ya kuomba fedha za halmashauri. Kwa vitendo, mikutano mingi huhudhuriwa na watu wachache, wengi wao wazee na wenye nyumba, hivyo vipaumbele vinavyopelekwa kwenye kata huwa ni vyao. Mpangaji hapaswi kulaumu hilo kama hajawahi kufika.

Anayetaka kufika kwa manufaa ajiandae, kwa sababu mkutano wa mtaa una kawaida ya kumezwa na hoja mbili tatu zenye kelele, na jambo lililoletwa bila maandalizi huishia kwenye neno "tumelipokea". Siku chache kabla ya mkutano, amwone mtendaji na kuomba jambo lake liingizwe katika ajenda, akiliandika kwa sentensi moja yenye mahali, athari na ombi. Mathalani, kwamba kalavati lililo mbele ya shule limeziba tangu mvua za masika, kwamba maji yanaingia katika nyumba saba, na kwamba wakazi wanaomba mhandisi wa halmashauri alikague kabla ya vuli. Awaombe majirani wanne au watano wafike na wasimame kuunga mkono. Asizungumzie mambo matatu kwa mara moja. Wakati wa taarifa ya fedha aulize swali dogo lenye jibu la tarakimu, kama vile kiasi kilichobaki benki siku hiyo na majina ya walioidhinishwa kutia sahihi, badala ya kutoa hotuba kuhusu ufisadi, kwa kuwa hotuba hujibiwa kwa hotuba, ilhali swali la tarakimu likikosa jibu huandikwa katika muhtasari na hurudi katika mkutano unaofuata. Na muhtasari huo ndio wa kufuatilia: mkutano ukisha, mkazi arudi ofisini aone kama hoja yake imeandikwa kama ilivyosemwa, maana kisichokuwa katika muhtasari hakifiki kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambako diwani na wenyeviti wa mitaa hupanga kipi kiende halmashauri.

Kuhusu michango, kanuni ni nyepesi: risiti. Fedha ya ulinzi shirikishi, ambao ni utaratibu wa vijana wa mtaa kulinda usiku kwa kushirikiana na polisi wa kata, hukusanywa nyumba kwa nyumba kila mwezi, na ada ya taka hukusanywa na mkandarasi au kikundi kilichopewa kazi hiyo na halmashauri. Malipo yanayoingia halmashauri hutolewa risiti ya mashine au hulipwa kwa kumbukumbu namba, ile ambayo wengi huiita kontroo namba. Mchango wa hiari uliokubaliwa na mkutano mkuu nao uwe na stakabadhi yenye muhuri na jina la mpokeaji. Mkazi anayedai risiti kwa adabu hamkosei mtu yeyote. Pale anapoambiwa kwamba mchango fulani ni wa lazima, ana haki ya kuuliza ni sheria ndogo gani ya halmashauri inayoulazimisha au ni mkutano gani uliouridhia, na kiongozi anayeijua kazi yake atajibu bila kununa.

Mfano mzuri wa wakazi kuubadilisha mtaa wao kwa mikono yao unatoka Hananasif, eneo la Kinondoni lililo kando ya bonde la mto Msimbazi, ambako nyumba zilijengwa bila mpangilio na maji ya mvua yalikuwa yakiingia vyumbani kila msimu. Katikati ya miaka ya 1990, kwa msaada wa mashirika ya kimataifa, likiwemo Shirika la Kazi Duniani, wakazi waliunda chombo chao cha maendeleo kilichoingia mkataba wa kazi, wakachimba na kujenga mitaro na kutengeneza barabara za ndani kwa nguvu kazi yao wenyewe, wanawake kwa wanaume, huku wakilipwa ujira. Mafundisho ya mradi ule yamo zaidi katika matunzo kuliko katika ujenzi. Mtaro hauhitaji fundi kila wiki, lakini unahitaji mtu wa kutoa mchanga na mifuko kabla mvua haijaanza, na mtu huyo anahitaji koleo, glavu na malipo; ndiyo maana chombo cha wakazi pale kiliweka ada kwa magari yaliyoingia katika barabara zake, ili fedha ya matunzo isitegemee kuombwa upya kila mwaka. Kamati yoyote ya mtaa inayopanga mtaro leo bila kuandika nani atauzibua mwakani inapanga dampo refu.

Hapo kuna jambo nyeti ambalo waandishi wa miongozo ya namna hii hulikwepa. Mtaa ukipata barabara na mtaro, thamani ya nyumba hupanda, na kodi huifuata, hivyo mpangaji aliyeshika koleo anaweza kuwa wa kwanza kushindwa kuishi katika mtaa alioujenga. Jibu la suala hilo ni kupatana mapema, wala si kususia kazi: kabla ya kuchanga au kujitolea, wapangaji wa nyumba moja waende pamoja kwa mwenye nyumba, waombe kodi isibadilishwe kwa kipindi cha mwaka au miaka miwili, au mchango wao uhesabiwe kama sehemu ya kodi, na makubaliano yaandikwe na kushuhudiwa na mjumbe. Si kila mwenye nyumba atakubali, ila anayekataa kwa wapangaji sita waliosimama pamoja huwa amefikiri mara mbili.

Wapo wakazi wasio na nguvu ya koleo wala fedha ya mchango lakini wana ujuzi, na mtaa unauhitaji. Mwaka 2011 huko Tandale, na kuanzia mwaka 2015 katika kata nyingine za Dar es Salaam kupitia mradi wa Ramani Huria, wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na wakazi walipita vichochoroni wakichora ramani za mitaro, vyoo, visima na maeneo yanayofurika, taarifa ambazo hazikuwahi kuwekwa katika ramani rasmi. Mpangaji mwanafunzi, mhasibu, muuguzi au fundi umeme anaweza kujitolea kwa kazi iliyo sawa na ujuzi wake, na kukagua vitabu vya hesabu vya kikundi cha ulinzi kwa jioni mbili kuna faida kubwa kuliko kufagia barabara Jumamosi ya mwisho wa mwezi mbele ya kamera.

Vikundi vya kuweka na kukopa, ambavyo wengi huviita VICOBA, ni njia nyingine, nayo imewahi kuzaa nyumba. Familia zilizoondolewa Kurasini ili kupisha upanuzi wa bandari, wengi wao wakiwa wapangaji ambao hawakuwa na cha kulipwa fidia kama wenye nyumba, ziliweka akiba kidogo kidogo kupitia vikundi vya shirikisho la watu wa kipato cha chini mijini, zikanunua ardhi kwa pamoja Chamazi na kujenga. Kikundi kilichosajiliwa kinaweza pia kuomba mkopo usio na riba kutoka katika asilimia 10 ya mapato ya ndani ambayo kila halmashauri hutenga, yaani asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Maombi huanzia kwa ofisa maendeleo ya jamii wa kata, na utambulisho wa serikali ya mtaa ni miongoni mwa nyaraka zinazohitajika.

Wakazi wa magorofa wana hali tofauti kidogo. Sheria ya mwaka 2008 ya umiliki wa sehemu za majengo inawafanya wamiliki wa nyumba katika jengo moja kuwa umoja unaosimamia ngazi, lifti, pampu na maeneo mengine ya pamoja, na humo mwenye kura ni mmiliki. Mpangaji wa jengo la namna hiyo amwombe mwenye nyumba barua ya kumwakilisha katika vikao, kwa sababu ndiye anayepanda ngazi zenye giza na ndiye anayejua pampu ilizimika lini. Lakini akitoka getini na kwenda katika mkutano mkuu wa mtaa, kura yake ni sawa na ya mwenye jengo zima.

Mgogoro wa pango ukitokea, ngazi ya kwanza ni majirani na mjumbe, kisha baraza la kata, ambalo tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 linasuluhisha tu na halitoi hukumu katika mashauri ya ardhi na nyumba. Usuluhishi ukishindikana katika siku 30, shauri huweza kupelekwa Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, na hapo mkataba wa maandishi pamoja na risiti za kodi ndivyo vinavyozungumza.

Hatimaye kuna kura, na kugombea. Uchaguzi wa serikali za mitaa hufanyika kila baada ya miaka mitano, wa mwisho ukiwa ule wa tarehe 27 Novemba 2024, na orodha yake ya wapiga kura huandikwa upya mtaani, tofauti na Daftari la Kudumu la Wapiga Kura, kiasi kwamba mwenye kadi ya mpiga kura ya taifa asiyejiandikisha katika orodha ya mtaa hapigi kura ya mwenyekiti. Mpangaji mwenye umri wa miaka 21 anaweza kugombea akidhaminiwa na chama cha siasa, kwa kuwa mgombea binafsi haruhusiwi. Anayehama mtaa kabla ya siku ya uchaguzi akabidhi daftari na fedha zozote alizokuwa akishika mbele ya mashahidi, achukue barua ya utambulisho ya kumpeleka aendako, na ajiandikishe upya huko. Uchaguzi unaofuata unatarajiwa mwaka 2029, na uandikishaji wa mwaka 2024 ulichukua siku kumi tu, kuanzia tarehe 11 hadi 20 Oktoba.